Mkwe Mwenye Simu ya Mezani

Baba yangu anaamini kwamba simu ya mkononi ilitengenezwa na mwongo kwa ajili ya waongo wenzake. Hasemi kwa utani. Alikuwa fundi wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, amepanda nguzo kuanzia Monduli mpaka Leguruki, na nyumbani kwetu Kikwe mpaka leo kuna simu ya mezani ya kijivu, nzito, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Waya wake unapita juu ya migomba kwenye nguzo tatu alizozichimbia mashimo mwenyewe. Watoto wa jirani wanadhani ni kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa na mtu mrefu sana.

Ukiipiga simu hiyo, baba hupokea kwa kutaja mahali kwanza, jina baadaye. "Kikwe, kwa Sumari." Anasema simu ya kweli ni ya mahali, na mtu akiipokea basi yuko mahali pale, hakuna mjadala. Ya mkononi ni ya mtu, na mtu anaweza kusema lolote.

Kwa fikra hizo mimi binti yake, Anyesi, nilifika miaka thelathini na sita sijaolewa. Nisimwonee baba. Kosa kubwa lilikuwa la Dismasi.

Dismasi alikuwa aje kuniposa miaka saba iliyopita. Siku hiyo wazee kumi na wawili wa ukoo walikaa sebuleni tangu saa tatu asubuhi, wamevaa makoti. Saa nne Dismasi alipiga simu akasema yuko Tengeru. Saa sita akasema ndiyo anaondoka Tengeru. Saa nane akasema kuna foleni Tengeru. Saa kumi baba mdogo mmoja, ambaye alikuwa amekwisha kula mara mbili, alipanda pikipiki kwenda Tengeru kumtafuta, akarudi na mkungu wa ndizi kwa kuwa hakutaka kurudi mikono mitupu. Wiki iliyofuata tukasikia kwamba siku ile Dismasi alikuwa Babati, kwenye posa nyingine, ambako inasemekana alifika mapema.

Mimi nililia wiki nzima. Baba hakumlaumu Dismasi hata kidogo, aliilaumu simu yake.

Halafu akaja Lomayani. Mimi nina cherehani tatu Ngarenaro, nashona sare za shule, na yeye ana karakana ya kuchomelea mageti ukuta wa pili. Siku moja cheche zake zilitoboa pazia langu. Alikuja kuomba radhi, akaona haya, akasema basi atanitengenezea nondo za dirisha. Alipima dirisha mara tatu, siku tatu tofauti, na dirisha lenyewe lilikuwa na nondo tayari. Nilimpenda hapo hapo na sijaona sababu ya kubadili mawazo.

Lomayani ni Mwarusha, kwao ni upande wa magharibi wa mlima, sisi ni Wameru. Nilijiandaa kwa maswali ya kabila. Mshenga wake, Mzee Yiamat, ambaye ni mjomba wake, alijiandaa kwa maswali ya ng'ombe. Tulipoteza muda wetu wote wawili.

"Huyo kijana ana simu ya mezani?" baba aliuliza.

Mzee Yiamat akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Ana simu, mzee mwenzangu," alisema. "Nzuri tu. Inapiga na picha."

"Sijauliza picha. Afunge simu ya mezani pale kazini kwake. Nitampigia mwezi mzima, siku ninayotaka, saa ninayotaka, isipokuwa Jumapili. Nikimkuta kila mara, wewe rudi tupange. Nikimkosa mara moja tu, usijisumbue na nauli."

Mzee Yiamat aliniambia baadaye, tukiwa getini, kwamba amebeba masharti ya mablanketi, ya asali na ya madume ya kondoo, lakini hili la leo hajui hata ataanzaje kulieleza kwa Kimaa, lugha ya kwao.

Tulikwenda mimi na Lomayani kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Dada wa kaunta alituuliza mara mbili kama tuna uhakika. Kisha akasema mtaa wetu kwa sasa hauna nafasi ya waya, ila ipo simu ya mezani ya laini, namba yake ni ya Arusha kama za maofisini. Akaitoa kwenye boksi. Ilikuwa na umbo lote la simu ya mezani: mkonga wa kuweka sikioni, ule waya wa kujisokota, vitufe vikubwa. Lakini tumboni ilikuwa na kadi ya laini, na betri ya kukaa siku mbili.

"Kwa hiyo inaweza kutembea?" Lomayani aliuliza.

"Ni ya mezani, kaka," alijibu yule dada. "Ila ndiyo, inaweza."

Naapa kwamba tulitoka pale tukiwa na nia njema. Lomayani aliiweka kwenye meza ya karakana, akaifutia vumbi la chuma, akakaa nayo. Siku ya kwanza baba alipiga saa moja na nusu asubuhi.

"Halo, karakana ya Lomayani, Ngarenaro."

"Kikwe hapa. Uko?"

"Niko, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Endelea na kazi."

Akakata. Kila siku ilikuwa hivyo, mara asubuhi, mara adhuhuri, mara saa kumi na moja jioni wakati mtu ameshanawa mikono. Wiki nzima Lomayani hakutoka karakana. Chakula nilimpelekea mimi. Chooni alikwenda mbio na kurudi mbio, na siku mbili alirudi kabla hajamaliza.

Lakini geti halifungwi karakana, linafungwa kwa mwenye geti. Mama mmoja wa Elerai alikuwa ameacha nyumba yake wazi siku nne akisubiri, na alikuja kusimama mbele ya karakana kwa hasira, mikono kiunoni. Lomayani akanitazama mimi, mimi nikaitazama simu. Nasema ukweli wangu: wazo lilikuwa langu. Niliifunga ile simu kwenye aproni, nikaitia kwenye mfuko wa vifaa, nikamwambia, "Nenda nayo."

Ililia akiwa juu ya ukuta Elerai. Alipokea, mguu mmoja huku na mwingine kule, simu imelala pajani. "Halo, karakana ya Lomayani, Ngarenaro." Baba akasema mbona leo ni kimya sana hapo, hakuna kazi? Lomayani akasema umeme umekatika. Usiku ule hakulala vizuri, kwa sababu si mtu wa uongo. Mimi nililala vizuri, na asubuhi nilimpa dawa: nilirekodi mlio wa grenda yake ya kukatia chuma kwenye simu yangu ya mkononi, dakika kumi nzima, nikamtumia.

Tangu hapo walitembea watatu, Lomayani, simu ya mezani, na mlio wa grenda. Alipokea simu benki, kwenye foleni, simu ya mezani imekaa magotini na ya mkononi inanguruma pembeni, na watu wakamwachia nafasi wakasogea mbali. Alipokea kwa kinyozi. Alipokea kanisani Ngarenaro, kwenye mazoezi ya kwaya, na mwalimu wa kwaya akamwambia achague, waimbe au wakate chuma.

Na jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba baba aliacha kukata simu haraka. Wiki ya pili alimuuliza bei ya nondo. Wiki ya tatu alimweleza kwamba mvua imechelewa, kwamba ng'ombe wake Rehema anakohoa, kwamba magoti yanamuuma akiinama na hayamuumi akipanda. Lomayani alisikiliza yote, hata siku ile akiwa amening'inia kwenye paa la mtu. "Baba yako anajua vitu vingi," aliniambia. Niliona vile anavyofurahi, nikaingiwa na hofu ambayo sikuwa nayo mwanzo. Kama tungekamatwa, nisingempoteza mume mtarajiwa tu. Wale wawili wangepotezana pia, na kosa lingekuwa langu.

Zilibaki siku mbili.

Siku ya ishirini na nane, bila kuhesabu Jumapili, ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwa nyumbani Kikwe. Baba alikwenda kwenye kikao cha wazee wa usharika, kikao ambacho kwa kawaida huanza saa nne na kuisha watu wanapoona njaa, saa tisa hivi. Hakuwa amefika mbali Rehema alipousukuma mlango wa banda, bawaba zote mbili zikang'oka, akaenda zake kwenye kabichi za jirani.

Tulimrudisha kwa tabu. Mama alisimama mbele ya uwazi wa banda na fimbo, akaniambia niende kumletea simu yake. Mama yangu, Evaresta, ana simu ya mkononi. Baba anajua ipo, ila hajawahi kuiona, na hali hiyo inawaridhisha wote wawili.

"Unampigia nani, mama?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Kwani mimi nina mafundi wangapi? Si huyo wako?"

Nilimwambia haiwezekani. Kwetu mchumba hakanyagi uwanja wa wakwe kabla mshenga hajapewa jibu, na kumkanyagisha siku ya ishirini na nane ilikuwa ni kutafuta balaa. Mama alisema ng'ombe hajui siku ya ishirini na nane. Saa sita kasoro Lomayani alifika na mashine yake ndogo ya kuchomelea, akaingia kwa nyuma kupitia migombani, akamwamkia mama akiwa ameinamisha uso, akaanza kazi. Mfuko wa vifaa aliutundika kwenye nguzo ya banda. Nilijua kilichomo.

Akidi haikutimia. Hicho ndicho kilichotuponza, wazee wawili walikwenda msibani bila kutoa taarifa, na kikao kikaahirishwa. Saa sita na nusu nilisikia mlango wa mbele. Baba aliingia na koti lake na hasira zake, hakuuliza chakula, hakwenda uani, akakaa moja kwa moja kwenye kiti cha simu. Alipenda kumpigia Lomayani akiwa na jambo la kulalamikia. Nilisimama na sahani mkononi, nikafungua mdomo niseme neno lolote, hata kwamba nyumba inaungua. Alikuwa ameshamaliza kubonyeza namba.

Uani simu ikalia.

Baba alikuwa na mkonga sikioni. Akautoa. Akasikiliza dirishani. Akaurudisha sikioni. Akautoa tena. Mtu aliyefanya kazi ya simu miaka thelathini na mmoja hahitaji kuelezwa kwamba milio miwili inakwenda pamoja.

"Halo, karakana ya Lomayani, Ngarenaro," sauti ilisema, mara moja kwenye mkonga na mara moja kwenye dirisha. Grenda ikaanza kunguruma.

"Kikwe hapa," baba alisema polepole. "Uko?"

"Niko, baba. Shikamoo."

Baba hakuitikia. Kutoka alipokaa, dirisha linaonyesha nusu ya banda na mgongo wa mtu. "Uko wapi?"

"Niko hapa karakana, baba."

Rehema akalia, mlio mrefu unaoishia na kikohozi.

"Huyo ni ng'ombe wangu," baba alisema.

Grenda ikazimwa. Kwenye dirisha niliona ule mgongo ukinyooka, kisha ukigeuka taratibu, na Lomayani akatutazama, mkonga sikioni, ule waya wa kujisokota ukiwa umezama kwenye mfuko. Hawakuwa mbali hata hatua kumi.

"Ndiyo, baba," alisema kwenye simu. "Ni wako."

Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka namna ile. Baba hakufoka. Aliulaza mkonga mezani juu ya kitambaa, hakuurudisha mahali pake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku ishirini na nane, Anyesi. Nimemweleza mpaka habari za magoti yangu." Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeifunga simu kwenye aproni. Akasema hata Dismasi alikuwa na heshima kidogo, alidanganya kwa chombo cha kudanganyia. Huyu amechukua simu ya mezani akaitembeza. Akasema nimwambie Yiamat asijisumbue na nauli.

Alichosema kilikuwa kweli.

Mama aliingia kutoka jikoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, kisu bado mkononi. Alikuwa amesikia. Nyumba yetu si kubwa.

"Sumari," alisema, "ulipokuwa unanipigia kwenye simu hii hii, unaniambia uko Monduli kazini, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Monduli."

"Ulikuwa kwa Kandida."

Kandida nilimsikia nikiwa mdogo. Aliuza mbege, pombe ya ndizi, kule Sakina, na uani kwake palikuwa na nguzo ya simu.

"Ulikuwa na ile simu ya kupimia, kiunoni, yenye vibanio," mama aliendelea. "Unapanda nguzo yoyote, unabana kwenye waya wa watu, unapiga unakotaka. Mimi nakaa hapa na mtoto mgongoni nasema mume wangu amepiga kwa simu ya mezani, basi yuko ofisini. Huyu kijana ameitembeza mwezi mmoja. Wewe uliitembeza miaka thelathini na mmoja."

"Nilikuwa napima laini," baba alisema.

"Ulikuwa unapima sana Ijumaa."

Baba aliangalia kitambaa cha simu. Mimi niliangalia sahani. Ilikuwa dhambi kucheka na nilijua nikicheka nitalia, kwa hiyo niliuma shavu kwa ndani.

"Ulijuaje?" aliuliza hatimaye.

"Nilikuwa namsikia Kandida chini ya nguzo anaita, fundi shuka, kata yako ya mbege imejaa."

"Na hukusema kitu."

"Niseme nini? Wenzangu waume zao walikuwa hawapigi kabisa. Wewe ulipiga kila siku. Ukasema utafika saa moja, na saa moja ulikuwa mlangoni. Unanuka ndizi mbivu, lakini uko mlangoni." Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye khanga, haikufutika. "Huyo kijana umempigia siku ngapi ukamkosa?"

Baba alihesabu moyoni. Najua alihesabu, maana midomo yake ilicheza.

"Hakuna," alisema.

"Na leo nimemwita kwa ng'ombe wako. Amefika."

Nje Rehema alikohoa, na kikohozi kile kikasikika kidogo pia mezani, kwenye mkonga uliolala juu ya kitambaa. Ndipo tulipokumbuka wote watatu kwamba simu haikuwa imekatwa. Lomayani alikuwa amesikia kila kitu, Monduli, Kandida, na Ijumaa zote.

Baba aliunyanyua mkonga kwa mikono miwili.

"Halo," alisema. "Bado upo?"

"Nipo, baba."

Baba alikohoa. Alirekebisha kola ya koti. "Marahaba," alisema, akiitikia ile shikamoo ya mwanzo. Kisha akauliza, "Mlango umefikia wapi?"

"Imebaki bawaba ya chini."

"Hiyo ya chini iwe nene. Anasukuma kwa kifua."

"Nimeshaona, baba. Nitaweka nene."

"Na Yiamat," baba alisema, akageuza uso ukutani ili tusimwone, "mwambie Jumamosi ijayo nipo. Nyumbani."

"Nitamwambia, baba. Asante, baba."

Hapo maneno yakawaishia wote wawili. Lomayani hakuweza kumkatia simu baba mkwe, adabu haikumruhusu. Baba naye, kwa sababu zake, hakutaka kuwa wa kwanza kuondoka. Walibaki hivyo, mmoja sebuleni na mmoja bandani, wakitazamana dirishani, mikonga masikioni, kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyohema.

Mama aliwavumilia kwa muda. Kisha akapeleka kidole chake chenye utomvu kwenye kile kitufe cha kukatia, akakibonyeza, akaniambia niongeze sahani moja mezani.